Risasi iliyogoma haijafa: jibu kwa mkulima wa Malangali

Swali: "Shikamoo Mzee. Mimi ni mkulima wa mahindi na alizeti huku Mufindi, upande wa Malangali. Nina shotigani ya mitutu miwili, leseni ninayo, naitumia kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori na nyani. Tangu mwaka jana risasi zinagoma. Navuta triga, nasikia 'ta!' halafu kimya. Huwa naitoa papo hapo na kuweka nyingine. Zilizogoma nimezikusanya kwenye kopo la mafuta ya kupikia pamoja na misumari, nimeliweka uchagani jikoni ili zikauke. Sasa zimefika 7. Humo kuna na nyingine moja ya zamani, ndefu, imeshika ukijani, mwanangu aliiokota tukilima. Jirani anasema nizitumbukize chooni, mwingine niziloweke kwenye oili chafu, na kijana wangu anataka kuzifungua tupate marisau, zile gololi ndogo za ndani. Nifuate la nani?"

Marahaba, mwanangu, na kamwene huko Malangali.

Kabla hujasoma mstari wa pili, nenda jikoni. Kama moto unawaka, uzime na uache mafiga yapoe, watoto watoke nje, kisha literemshe hilo kopo kwa mikono miwili bila kulitikisa. Usilimimine. Liweke mahali penye kivuli, pakavu, mbali na moto, juu ya udongo na si juu ya saruji, na pasiwe na mtu wa kulipitia. Halafu rudi tuendelee.

Nimeanza na kopo kwa sababu katika yote uliyoeleza, hilo ndilo lililonitoa jasho. Umeweka pamoja vitu vitatu ambavyo havipaswi kukutana: fataki, misumari na joto. Fataki ni ile sarafu ndogo iliyo katikati ya kitako cha risasi, pale pini ya bunduki inapogonga. Ndani yake kuna chembe ya kemikali iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kulipuka ikigongwa. Haijui kama kilichoigonga ni pini au ni msumari wa nchi nne uliotikisika ndani ya kopo. Na hizo zako zimeshagongwa mara moja. Sahani yake imebonyea, kemikali iliyo ndani pengine imepasuka vipande, na hakuna fundi duniani anayeweza kuitazama kwa nje akakuambia imebakiza nguvu kiasi gani.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Risasi isipolia wanasema "imekufa". Hapana, imegoma tu. Baruti iko pale pale, marisau yako pale pale, na kilichokosekana ni cheche, au cheche imechelewa. Wenye bunduki niliowafundisha Iringa na Mbeya kwa miaka mingi karibu wote wanaogopa mlio. Mimi nawaambia waogope kimya kinachofuata baada ya "ta!", maana mlio mnautarajia, bunduki iko begani na mtutu umeelekea mnakotaka. Kimya ndicho kinachomfanya mtu aishushe bunduki, aigeuze, aitazame.

Nikueleze niliyoyaona. Siku moja kwenye uwanja wa shabaha nilikuwa nimesimama nyuma ya wanafunzi sita. Walikuwa wanatumia risasi za siku nyingi ambazo boksi lake liliwahi kulowana, jambo ambalo nililijua baadaye. Mmoja wao, mtu mzima mwenye akili zake, alivuta triga, ikatoa ule mlio mkavu. Akageuka kwangu na bunduki mkononi, akasema, "Mwalimu, imegoma." Mtutu ulikuwa unapita mbele ya tumbo la mwenzake wa kushoto. Niliusukuma chini kwa kiganja, na hata hesabu ya mbili sijaimaliza, ikalia. Udongo ulinipiga usoni. Shimo lilikuwa hatua moja mbele ya viatu vyangu, jeusi pembeni, linafuka. Yule bwana alikaa chini pale pale na hakusema neno hadi tulipofunga uwanja. Risasi haikuwa imegoma, ilikuwa imechelewa. Cheche ya fataki ilikuwa hafifu, baruti ikawa inashika taratibu kama kuni mbichi.

Mara nyingi ucheleweshaji wa namna hiyo ni sehemu ya sekunde tu, haumpi mtu hata nafasi ya kushangaa. Lakini hatuwekei kanuni zile zinazotokea mara nyingi, tunaiwekea ile moja itakayokuja siku unaharakisha. Kwa hiyo swali la "nisubiri muda gani" nakujibu hivi: wakufunzi wengi hufundisha sekunde 30 kwa risasi za kisasa. Mimi nafundisha dakika nzima, hasa kwa risasi zilizokaa kwenye nyumba zetu za nyanda za juu zenye ukungu na unyevu. Kwa gobole, ambalo baruti yake humiminwa mdomoni, usiliguse kabla ya dakika mbili. Nguruwe atakuwa ameshavuka mto. Mwache aende.

Katika dakika hiyo mambo ni haya. Bunduki inabaki kama ilivyo, mtutu ukielekea mahali salama. Kwa mkulima, mahali salama ni tuta la udongo au kichuguu kilicho mbele yako, si jiwe, si maji, si angani, na wala si huko kwenye mahindi ambako hujui nani anapita. Kidole kinatoka kwenye triga. Waambie ulio nao watulie nyuma yako. Usivute mara ya pili "kujaribu bahati". Na wewe mwenye mitutu miwili una mtego wako mwingine: upande wa pili bado una risasi nzima. Usiufyatue huku upande wa kwanza ukisubiriwa, maana mshtuko wa mlio huo unaipata na ile iliyogoma.

Ukimaliza kuhesabu, ifungue bunduki polepole, uso ukiwa pembeni na kiganja kisiwe nyuma ya mahali risasi inapotokea. Kwa nini? Risasi ikilia ndani ya chemba iliyofungwa, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu inapokaa, chuma kinaibana pande zote, na presha, ambayo kwa shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) inaweza kupita mara 700 ya hewa tunayoivuta, inatoka mbele kupitia mtutu. Ikilia wakati chemba imefunguliwa nusu, presha inatafuta upande uliolegea, na upande huo ndio ulikoweka jicho. Ndiyo maana ile tabia yako ya kuitoa papo hapo naiita bahati ya mara saba. Usiijaribu ya nane.

Risasi ikishatoka, ilaze chini kivulini, hatua kadhaa kutoka ulipo, iache itulie. Kisha iweke alama kwa kalamu ya rangi hapo hapo shambani. Usiirudishe mfukoni pamoja na nzima. Nimemwona mtu akiipakia ile ile iliyogoma mara tatu kwa siku moja bila kujua.

Sasa chukua muda kuitazama fataki yake, maana ndiyo itakayokuambia ugonjwa uko wapi. Ishike kwa ubavu kati ya kidole gumba na cha shahada, kitako kiinamie mwanga, fataki isielekee usoni, na usiikwaruze kwa ukucha. Tazama kibonyeo. Kikiwa kirefu, cha duara, kiko katikati, basi pini imefanya kazi yake na kosa liko kwenye risasi: imezeeka, imelowana, au mafuta yamepenya. Kikiwa kidogo kama alama ya ncha ya penseli, au kimekaa pembeni, basi risasi haina kosa, bunduki yako ndiyo inayopiga dhaifu. Springi imechoka, ncha ya pini imelika, au mtambo umejaa uchafu.

Kwa saba mfululizo ndani ya mwaka mmoja, na ukiwa unatumia boksi zaidi ya moja, mimi namshuku mtambo. Na nina neno juu ya mafuta. Wenye bunduki wengi wa huku kwetu hupaka oili nzito ya gari au hata mafuta ya alizeti, wakiamini wanailinda na kutu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiingia, mafuta hayo yanaganda kama uji uliolala, na pini inasafiri ndani yake kama mtu anayetembea matopeni. Inafika, lakini haina nguvu ya kupiga. Mafuta ya bunduki ni membamba na hupakwa kiasi cha kuacha unyevu wa kidole tu. Yakizidi hutiririka hadi chemba, yakaingia kwenye fataki, na hapo unakuwa na magonjwa mawili kwa dawa moja.

Jikoni nako, hata bila hilo kopo, si mahali pa kuhifadhia risasi. Risasi au bunduki iliyotoka baridini ukiiingiza ghafla kwenye chumba chenye moto na mvuke wa ugali hutoka jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Jasho hilo ndilo linaloshika fataki kutu. Kama una zile za ganda la karatasi, zinavimba na kukwama chembani. Risasi zikae kwenye boksi lake la dukani, ndani ya sanduku lenye kufuli, chumba kikavu chenye hewa, mbali na moto na mbali na ilipo bunduki. Zikilowa, usizikaushe kwa moto wala kuzianika juani juu ya bati. Zihesabu kuwa mbovu.

Kuna aina nyingine ya kugoma ambayo hukuitaja, nami sitakuacha bila kuijua, kwa sababu ndiyo inayopasua mitutu. Ukisikia mlio dhaifu, "puf!", na bunduki haikukusukuma begani kama kawaida, simama. Usipakie nyingine hata kama nyani anakutazama. Inawezekana baruti imewaka kidogo tu na kizibo cha plastiki au marisau yamekwama katikati ya mtutu. Risasi itakayofuata itakuta njia imezibwa. Subiri ile dakika, ifungue, itoe kila risasi, kisha uchungulie mtutu kutokea nyuma, upande wa chemba, ukielekeza mbele mahali penye mwanga. Usichungulie kamwe kutokea mdomoni. Usipoona mwanga, usisukume kwa fimbo ya mwanzi. Mpelekee fundi aliyeidhinishwa.

Ndugu yake hilo ni risasi ya geji 20 iliyoingizwa kwa makosa kwenye bunduki ya geji 12. Mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, wa geji 20 una kama 15.6. Ile ndogo huteleza, ikapita chemba, ikakaa mbele kidogo ndani ya mtutu. Unavuta triga, "ta!", unafungua, chemba tupu. Unasema ulisahau kupakia. Unaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Viwanda vingi hutia risasi za geji 20 rangi ya njano kwa sababu ya ajali hii tu. Ukiazimwa au ukiuziwa risasi za njano, shtuka. Na ukikuta chemba tupu wakati unajua ulipakia, chungulia mtutu kwanza.

Nije kwa washauri wako.

Wa choo hapana. Shimo la choo siku moja hujaa, hufukuliwa au hujengewa juu, na atakayefukua hatakuwa na habari. Kwa sababu hiyo hiyo usizifukie shambani, usizitupe mtoni, wala jalalani. Majalala yetu yanachomwa moto, wewe unajua, na kandokando ya moto wa takataka ndipo watoto wanapoota. Risasi iliyo motoni, isiyo ndani ya mtutu, hairushi marisau kama kwenye bunduki, lakini ganda hupasuka na kitako cha shaba huruka na fataki yake. Jicho haliwezi kustahimili hayo. Usimpe pia mnunuzi wa vyuma chakavu, maana ataipiga nyundo apate shaba.

Wa oili chafu anamaanisha mema, na ushauri huo nimeusikia tangu ujana. Ukweli ni kwamba risasi nyingi za kisasa zimezibwa kwa rangi maalumu kuzunguka fataki, zizuie maji na mafuta. Unaweza kuiloweka wiki nzima, ukaitoa ukiamini imekufa, kumbe ndani iko kavu. Nyingine huingia unyevu, hunyamaza, kisha ikikauka hurudi kuwa hai. Kuloweka kunakupa imani ya bure, basi.

Kijana wako naye, tafadhali, mkalishe chini uzungumze naye leo. Kuifungua risasi iliyogongwa ni kuishika kwa koleo, kuibana, kuikata, na yote hayo yanafanyika sentimita chache kutoka kwenye fataki iliyojeruhiwa. Akishayatoa marisau, baruti atapeleka wapi? Ataimwaga kwenye karatasi aiwashe aone. Wavulana wote hufanya hivyo. Na akizipakia upya, anatengeneza risasi bila kibali, ambalo ni kosa kisheria. Gramu thelathini na kitu za marisau hazina thamani ya kiganja cha mtoto.

Ile ya kijani ndiyo inayohitaji adabu zaidi. Huko uliko si mahali pa kawaida. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yalitoka upande wa ziwa Nyasa, yakaichukua Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na mwezi Julai yakapigana na Wajerumani hapo hapo Malangali, kabla ya kuingia Iringa mwishoni mwa Agosti. Pande zote zilimwaga risasi nyingi kwenye udongo mnaoulima. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walianza vita ile wakiwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi ya moshi. Baruti hiyo ikilowa haifanyi kitu, lakini ikikauka huweza kushika moto tena, na wewe umeikausha juu ya uchaga. Sisemi kuwa yako ni ya vita hiyo, sijaiona. Nasema usiisugue ukijani, usiikwangue kusoma maandishi, usimpe mtu aishike kama kumbukumbu. Imo kwenye kopo, iache humo humo, watakaokuja kuichukua ndio waitoe.

Na mkiwa mnalima, mkiibua kitu cha chuma chenye umbo la chupa au kikubwa kuliko dole gumba, msikiguse kabisa. Wekeni alama kwa mbali, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji, naye awaite polisi. Baada ya milipuko ya maghala ya jeshi Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, wananchi wa Dar es Salaam waliambiwa jambo hilo hilo kuhusu mabaki yaliyotapakaa mitaani: tazama, ondoka, toa taarifa.

Basi mahali pa hizo zote ni polisi. Kumiliki silaha kwako kuko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na risasi ulizonunua unatakiwa uweze kuzitolea maelezo, zilizolia na zilizogoma. Najua watu wanaogopa kwenda kituoni wakidhani watashikwa. Mwenye leseni anayerudisha risasi mbovu kwa hiari anaonyesha kuwa anastahili leseni hiyo. Anayeshikwa nazo kwenye kopo la misumari baada ya ajali ndiye mwenye kesi.

Usifike nazo ghafla. Piga simu kwanza au nenda mikono mitupu na leseni yako, uombe kuonana na mkuu wa kituo au anayeshughulikia silaha ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya. Mweleze: risasi 7 za shotigani zilizogoma, na moja ya zamani iliyookotwa, zote ziko nyumbani ndani ya kopo lenye misumari. Mweleze na hilo la misumari, usilifiche. Waombe waje wenyewe. Kuna watu waliofunzwa kazi hiyo, na njia ya kutoka Malangali ina mashimo ya kutosha.

Siku za mbele, ukiwa na moja au mbili zilizogoma na wakakuambia uzilete, zipange kwenye trei ya mayai ya karatasi, kila moja kwenye shimo lake, fataki juu, ufunike na trei nyingine tupu, uweke ndani ya boksi la mbao. Zikae nyuma ya gari, mbali na dumu la mafuta, bunduki ibaki nyumbani. Usizibebe mfukoni kwenye bodaboda. Ukifika kaunta, sema kwanza ulichobeba, ndipo uulizwe uweke wapi, usiufungue mfuko mbele ya watu. Na usiondoke bila maandishi yenye idadi, aina, tarehe na sahihi ya aliyepokea.

Bunduki yenyewe isiingie shambani tena hadi fundi aliyeidhinishwa aifungue. Mpelekee ikiwa tupu, na umwombe atazame springi na pini za pande zote mbili, akuoshee mtambo hayo mafuta yatoke. Mwambie pia kibonyeo kilikuwaje na ni mtutu upi uliogoma mara nyingi. Kama hukuwa ukitazama, usizitoe koponi ili uangalie sasa. Polisi wakizipanga mezani, omba wakuonyeshe vitako, uviangalie kwa macho tu, kisha uniandikie ulichokiona. Kama ni vibonyeo vifupi vyote, nitakueleza namna ya kuzungumza na fundi. Kama ni virefu, tutaanza na duka lililokuuzia na tarehe iliyo kwenye boksi.